Jamani, Kioo Kinapimwa

Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeolewa kimya kimya huku. Hapana. Ni zamu tu, tena za usiku mfululizo, na joto la Dubai likishapita digrii 42 hata vidole vinagoma kuandika.

Leo sina picha za maghorofa wala habari za bei za dhahabu. Leo nina ubishi.

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp mlibishana karibu siku nzima kuhusu yule mtoto mchanga aliyegeuka njano siku ya tatu. Mama mdogo akasema alazwe dirishani apate jua la asubuhi. Shangazi akasema dirisha la kioo linazuia nguvu zote za jua, hivyo atolewe nje, uchi, mpaka ngozi irudi. Kaka yangu, ambaye hajawahi kushindwa ubishi, akasema kioo ni kioo, mwanga ni mwanga, kama unaona nje basi kila kitu kinapita. Mwisho mkasema aulizwe nesi wa Dubai. Nesi wa Dubai akajibu maneno manne: mpelekeni hospitali leo hii. Alipelekwa, akapimwa damu, akawekwa chini ya taa siku mbili, karudi nyumbani ananyonya vizuri. Alhamdulillah.

Lakini swali la kioo lilibaki hewani, na mimi limenikaa rohoni, kwa sababu wote watatu mlikuwa mmekosea na wote watatu mlikuwa na kipande cha ukweli. Jibu langu ni refu kuliko simu, ndiyo maana nimelileta hapa. Nitalisema mapema ili msichoke: kwa kukitazama kioo kwa macho huwezi kujua kinapitisha nini na kinazuia nini. Lazima kipimwe. Na hospitali zetu nyumbani, pamoja na sisi tulio nje tunaochanga fedha na kutuma vifaa, tunanunua taa, vioo na miwani, halafu hatununui kipimo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tuanze jikoni, maana fizikia yangu ni ya nesi, sio ya profesa. Chukua sukari ya mezani. Kila punje ni fuwele. Chembe zake zimejipanga safu kwa safu kama wanafunzi mstarini asubuhi. Sasa iyeyushe kama unatengeneza kashata za karanga, mpaka igeuke rangi ya dhahabu, uimwage kwenye sinia. Inaganda haraka, inang'aa, ukiigonga inavunjika vipande vyenye ncha. Chembe hazikupata muda wa kurudi mstarini. Zimeganda zikiwa vurugu, kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kitu cha namna hiyo wataalamu wanakiita amofasi, yaani kigumu lakini ndani hakina mpangilio. Kioo ni hivyo hivyo, ila badala ya sukari ni mchanga uliyoyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Tena magadi ya Ziwa Magadi kule Kenya yamekuwa yakiuzwa kwa viwanda vya vioo kwa zaidi ya miaka mia. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki asione kioo ni kitu cha wageni.

(Hapa niwachekeshe kidogo. Huku Dubai kuna maduka yanauza glasi za bei kali kabisa zinazoitwa kristali. Kristali maana yake fuwele. Glasi zile ni kioo kilichotiwa risasi, ni amofasi kama kashata. Jina limekaa kinyume, bei imekaa juu.)

Kwa nini nawapitisha jikoni? Kwa sababu chumvi ni chumvi popote. Fuwele yake ya Uvinza na ya Ulaya zimejipanga sawasawa. Kioo hakina kanuni moja. Mpishi wake anaweza kuongeza chuma kidogo, risasi nyingi, seri, au chochote, na kwa macho kikabaki kile kile, cheupe, unaona upande wa pili. Kumbe tabia yake mbele ya miale imeshabadilika kabisa. Ndiyo maana huwezi kusema "kioo kinazuia" au "kioo kinapitisha." Kioo gani, na miale gani?

Miale yenyewe ni familia moja yenye ndugu wengi, wanatofautiana urefu wa wimbi, na urefu huo hupimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Macho yetu yanaona kuanzia kama nanomita 400, ambayo ni zambarau, hadi 700 hivi, ambayo ni nyekundu. Chini ya 400 kuna urujuanimno, ile ambayo vibandiko vya miwani huandika UV. Nayo ina mafungu matatu: A ni kuanzia 315 hadi 400, B ni 280 hadi 315, na C ni chini ya 280. Chini kabisa huko, mawimbi mafupi mara maelfu kuliko ya mwanga wa bluu, ndiko iliko miale ya eksirei.

Sasa simama kwenye dirisha la kawaida la nyumba. Ukikitazama kioo chake kwa pembeni, kwenye ukingo, utaona kina ukijani. Huo ni uchafu wa chuma uliokuja na mchanga. Kioo hicho kinapitisha bluu vizuri sana. Kinapitisha pia sehemu kubwa ya fungu A. Fungu B kinalizuia karibu lote. Fungu C ndiyo kabisa halipiti.

Kwa hiyo kaka, "kila kitu kinapita" sio kweli. Vitamini D hutengenezwa ngozini na fungu B, basi mtu anayeota jua nyuma ya kioo kilichofungwa haipati, hata akikaa mpaka magharibi. Dubai ni somo zuri la jambo hili. Jua lipo karibu mwaka mzima, majengo yamevikwa vioo toka chini mpaka juu, na bado upungufu wa vitamini D ni moja ya matatizo ya kawaida tunayokutana nayo hospitalini, kwa wenyeji na kwa sisi wageni. Watu wanatoka nyumbani yenye kiyoyozi, wanaingia kwenye gari lenye tint, wanashuka kwenye maegesho ya chini ya jengo. Jua wanaliona, hawaguswi nalo. Na wale madereva wa malori na teksi wanaokaa mkono mmoja dirishani miaka ishirini, ngozi ya upande ule inazeeka mapema, kwa sababu ya lile fungu A linalopita. Kuhusu tint yenyewe, tangu 2017 sheria ya hapa inaruhusu hadi asilimia 50, lakini asilimia hiyo ni ya mwanga tunaouona. Giza la kioo halikuambii kitu kuhusu urujuanimno. Kuna karatasi nyeupe pee ya kubandika inayozuia karibu urujuanimno wote, na kuna nyeusi tii inayoacha mwingi upite.

Nirudi kwa mtoto mchanga, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwanza msichanganye: umanjano wa kichanga sio homa ya manjano ya mbu. Ni bilirubini, taka inayotokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika, na ini la mtoto bado ni dogo halijaweza kuiondoa. Nyingi huisha zenyewe. Ikipanda sana inaingia kwenye ubongo na kuuharibu moja kwa moja: mtoto anakua kiziwi, au viungo vinakakamaa, au anafariki. Mtoto akigeuka njano ndani ya saa 24 za kwanza, au akiwa hanyonyi na analala tu, hakuna mjadala wa dirisha hapo.

Na mnajua tiba ya mwanga ilianzia wapi? Kwa nesi! Hili huwa nalisema kwa maringo. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa msimamizi wa watoto njiti. Siku za jua alikuwa akiwatoa vichanga uani wapate hewa. Siku moja akamwonyesha daktari mtoto aliyekuwa amefifia umanjano mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyobaki njano kali. Daktari akadhani amempaka dawa. Sista akaeleza kwamba sehemu ile ilifunikwa na kona ya shuka. Baadaye ikagundulika pia kwamba chupa ya damu ya mtoto mwenye umanjano, iliyoachwa dirishani kwenye jua, bilirubini yake ilishuka. Dk. Richard Cremer na wenzake wakafanya majaribio wakachapisha mwaka 1958. Rangi inayofanya kazi ni bluu, kuanzia nanomita 460 hadi 490. Urujuanimno hauhitajiki kabisa katika tiba hii.

Angalieni ile chupa ya damu. Mwanga ulipita vioo viwili, cha dirisha na cha chupa, na bado ukafanya kazi. Kwa hiyo shangazi, dirisha halikuzuia. Bluu inapita. Shida ya dirisha ni nyingine: hakuna anayejua mtoto amepata kiasi gani. Wingu likipita, dozi imeshuka. Saa nne ikifika, chumba kimekuwa tanuri. Kumtoa nje uchi ndiyo mbaya zaidi, maana hapo anapata bluu pamoja na fungu B linalounguza ngozi ya siku tatu. Hakuna mtu anayempa mtoto dawa ya maji kwa kumimina mdomoni bila kijiko, sasa kwa nini mwanga tumimine?

Wodini kwetu hapa kijiko cha mwanga kipo. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi, kipima mwanga, unakiweka pale alipolala mtoto, usawa wa kifua, kinakupa namba. Kwa mtoto mwenye hali kubwa tunataka angalau microwati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Namba inaandikwa kwenye faili kama joto na mapigo. Taa ikisogezwa juu sentimita chache, namba inashuka. Kava la plastiki la inkubeta likiwa na vumbi au limechakaa, namba inashuka. Na hili ndilo la kushangaza zaidi: taa za bomba za zamani zikizeeka zinapoteza nguvu kwenye ile bluu inayotakiwa huku kwa macho bado zinawaka bluu vizuri tu. Hakuna nesi duniani anayeweza kuliona hilo kwa kutazama.

Nikiwa mwanafunzi nyumbani, kwenye hospitali moja nisiyoitaja, bomba la taa lilibadilishwa siku lilipoungua. Kama linawaka, linawaka. Mama anaambiwa mwanao yuko chini ya taa, siku ya tatu bilirubini haijashuka, tunasema mtoto huyu ni mgumu. Huenda mtoto hakuwa mgumu hata kidogo. Hatukuwa na kipimo, kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua. Sio sisi tu; Nigeria walipopita hospitali kwa hospitali wakiwa na kifaa cha kupimia, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha taa nyingi hazikufikia hata kiwango cha kawaida cha tiba.

Wanigeria hao hao, pamoja na wenzao wa Marekani, ndio walionipa hamu ya kuandika haya. Walijiuliza: umeme unakatika, taa ni ghali, jua tunalo bure, tatizo ni urujuanimno na joto. Je, tukitafuta karatasi za plastiki za kubandika kwenye madirisha, zinazozuia urujuanimno na kupunguza joto lakini zinapitisha bluu? Hawakuenda sokoni wakachagua kwa macho. Walizipima moja moja, kila urefu wa wimbi, wakachagua chache. Wakajenga vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi hizo, mama anakaa ndani na mwanawe, nesi anapima joto la mtoto na nguvu ya mwanga. Utafiti wa Lagos uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba watoto wa kwenye vibanda hawakupitwa na wale waliowekwa chini ya taa za kawaida. Mama mdogo, umeona? Wazo lako la dirisha lilikuwa nusu ya tiba. Nusu nyingine ni kipimo.

Tuhamie chumba cha eksirei, ambako kosa la kioo haliungui wala haliumi siku hiyo, na ndiyo hatari yake.

Wilhelm Röntgen aligundua miale hii tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na kitu cha kwanza alichofanya kwa wiki kadhaa ni kupima vitu. Kitabu cha kurasa kama 1000, mbao, karata, aluminiamu, vioo. Katika andiko lake la kwanza kabisa akaeleza kwamba kioo chenye risasi kinapitisha miale kidogo sana kuliko kioo kisicho na risasi. Yaani jambo hili linajulikana tangu wiki za kwanza kabisa za eksirei. Mwanga wa kawaida unapita vyote viwili sawa. Eksirei inavitofautisha papo hapo.

Ule mlango na lile dirisha dogo ambalo fundi wa eksirei anakuchungulia, kioo chake kinatakiwa kiwe cha risasi. Cha unene wa milimita 8 hivi kinaweza kuwa sawa na bamba la risasi la milimita 2, na bamba hilo linapitisha chini ya moja kati ya mia ya miale ya kawaida ya hospitali. Kioo cha dirisha cha unene huo huo kinaacha sehemu kubwa ipite. Ukivitazama? Vyote unaona mgonjwa upande wa pili. Cha risasi ni kizito mara mbili hivi, mara nyingi kina umanjano kidogo, na kwa kawaida kimeandikwa pembeni kina sawa na risasi ya milimita ngapi. Sasa fikiria kituo kidogo cha mtu binafsi mjini, kioo kimevunjika wakati wa kuhamisha mashine, fundi vioo wa mtaani anaitwa, anapima urefu na upana kwa futi, anakata, anaweka silikoni, analipwa. Hakumdanganya mtu. Ameweka kioo. Binti anayefanya kazi nyuma ya kioo hicho miaka kumi ndiye anayelipa, kidogo kidogo, na hasikii kitu.

Tanzania tuna Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ambayo kisheria ndiyo inayokagua na kutoa leseni kwa vyumba hivi. Kwa hiyo wewe mdogo wangu unayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei, una haki ya kuuliza: kioo hiki kimepimwa lini, cheti kiko wapi? Na ile beji ya kifuani ya kupima mionzi, ivae. Usiiache kwenye droo eti inaharibu sare.

Upande mwingine wa chumba hicho hicho, amofasi ndiyo imekuwa rafiki. Mnakumbuka filamu za eksirei zilizotundikwa dirishani kama nguo? Huku hazipo. Mashine inasukumwa mpaka kitandani, bamba linawekwa chini ya mgonjwa, picha inatokea kwenye skrini ndani ya sekunde chache. Ndani ya mabamba mengi ya namna hiyo kuna silikoni amofasi, na baadhi ya mashine za kupima matiti zinatumia seleni amofasi. Kwa nini isiwe fuwele? Kwa sababu fuwele moja kubwa yenye upana wa kifua cha mtu ni kazi isiyowezekana kwa bei ya kibinadamu, lakini kitu kisicho na mpangilio unaweza kukipaka kwenye bamba lote kama siagi kwenye mkate, kikawa sawa kila pembe. Ila seleni ikipata joto la kupita kiasi inaanza kujipanga kuwa fuwele, na bamba limekufa. Ndiyo maana mashine hizo huja na masharti ya joto la chumba. Mnaoshughulika na misaada ya mashine kuja kwetu, muulizeni mtoaji swali hilo kabla ya kukata utepe. Umeme ukikatika Ijumaa mpaka Jumatatu, kiyoyozi kimezima, chumba kitakuwa na joto gani?

La mwisho ni miwani, na hili linamhusu kila mtu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mafundi wa kuyeyusha vioo walikuwa wakipata mtoto wa jicho kwa wingi. Sir William Crookes, Mwingereza ambaye aina ya bomba lake ndiyo iliyotumiwa katika majaribio yaliyozaa eksirei, alipika mchanganyiko wa vioo zaidi ya 300 na kupima kila kimoja kinazuia miale gani. Mwaka 1914 akachapisha. Vile vyenye seri vilizuia urujuanimno vikabaki vyeupe kiasi cha mtu kuona kazi yake. Vioo zaidi ya mia tatu, ndugu zangu, vyote vikapimwa. Na sisi tunanunua miwani ya jua kwa kujitazama kwenye kioo cha muuzaji kama imetupendeza!

Miwani nyeusi isiyo na kinga ya urujuanimno ni mtego. Giza linalifanya jicho lisikunje uso, mboni inapanuka, na miale inaingia kwa raha. Kwa upande mwingine lenzi nyeupe ya polikaboneti, plastiki amofasi inayotumika kwenye miwani ya mafundi, inazuia karibu urujuanimno wote bila kuwa nyeusi hata kidogo. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni jambo la maisha. Pale KCMC Moshi tangu 2012 wanatengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili ya ngozi zao, kazi ya heshima kabisa. Lakini macho nayo yanahitaji, na watu wa huku wakikusanya miwani ya kutuma nyumbani, nimeona mfuko umejaa miwani ya barabarani yenye kibandiko cha UV400. Kibandiko kinachapishwa na mtu yeyote. UV400 maana yake inazuia mpaka nanomita 400, na maduka mengi ya miwani yana kifaa kidogo cha mezani kinachohakikisha hilo kwa nusu dakika. Kikundi chetu hapa sasa tunapitisha kila miwani kwenye kifaa hicho kabla ya kufunga mzigo. Zisizofaa hatutumi. Kuna waliokasirika kwamba tunadharau michango yao. Sawa, wakasirike.

Mtaniuliza vifaa hivi vinafanyaje kazi. Kanuni ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kipimo kikubwa kinaitwa spektrofotomita: kinatoa mwanga, kinauchambua urefu mmoja mmoja wa wimbi, kinaupitisha kwenye kioo, kinahesabu kilichobaki upande wa pili. Kilichopungua kimefyonzwa au kimeakisiwa. Taa na vyombo vya kipimo chenyewe kwa urujuanimno lazima viwe vya kioo cha kwatzi, maana kioo cha kawaida kingezuia kile kile unachotaka kupima. Kwa wanaotaka kwenda chini mpaka eksirei laini kuna mashine kubwa za sinkrotroni, kama ile ya SESAME iliyofunguliwa Jordan mwaka 2017, ambayo Misri ni mwanachama. Bara letu bado halina hata moja. Lakini sikuombeni sinkrotroni jamani. Vyuo vikuu vyetu vina spektrofotomita kwenye maabara za kemia. Hospitali ya mkoa ikiwa na karatasi ya dirisha au miwani mia moja ya kupima, ni safari ya nusu siku na barua ya heshima.

Najua jibu nitakalopewa, nimeshapewa tayari na rafiki yangu aliye matroni: glavu hatuna, wewe unatuletea vipima mwanga? Namwelewa, nimefanya kazi bila glavu. Lakini hesabu yake siikubali. Taa ya tiba imenunuliwa, umeme unalipwa, kitanda kimekaliwa siku tano badala ya mbili, damu inapimwa kila siku, mama hajarudi shambani. Gharama zote hizo zimeshatoka. Kipimo kimoja kinatumika kwa taa zote za wodi kwa miaka, na kinaweza kuzunguka hospitali tatu au nne za mkoa mmoja kikibebwa kwenye mkoba. Wafadhili wanapenda kupiga picha na taa kwa sababu inawaka. Kipimo hakipendezi kwenye picha. Hapo ndipo sisi wa nje tungeweza kufanya kazi ambayo wengine hawaitaki.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu wa kikundi chetu nimependekeza uwe wa vipima mwanga viwili na sio taa mpya. Kura bado. Ninyi mnaofanya kazi wodi za watoto Tanga, Lindi, Kigoma, Unguja, popote, niandikieni: taa mnazo ngapi, ni za bomba au za LED, na mara ya mwisho zilipimwa lini na kwa kifaa gani. Majibu yenu nitayapeleka kwenye kikao. Msijali lugha wala kupanga vizuri, nipeni namba tu. Na mama mdogo, ile picha ya mtoto kanona nimeiona, mbusu mashavu yote mawili.